Pacha Walale Wapi?



Pacha wanapozaliwa katika mitaa yetu, vigelegele havikatiki kwa siku mbili. Jirani huyu huleta uji wa pilipili manga, yule huleta supu ya kuku wa kienyeji, na kila aingiaye huuliza majina. Wakiwa wavulana, jawabu aghalabu hujulikana kabla ya swali: Hassan na Hussein, ijapokuwa wajukuu hao wa Mtume (S.A.W.) hawakuwa pacha, bali walipishana kiasi cha mwaka mmoja. Majina yakisha kutajwa huulizwa akika, na akika ikisha huulizwa nguo. Swali la mahali watakapolala watoto hao huachwa hadi saa nne ya usiku wa kwanza, wageni wameshaondoka, mama amechoka hata kope hazinyanyuki, na kitandani pamebaki nafasi ya mtu mmoja na nusu.

Wiki hii nimeletewa swali hilo na bwana mmoja kijana aishiye katika chumba kimoja cha kupanga. Mkewe amejifungua kwa kupasuliwa katika wiki ya 35 ya mimba, watoto wawili wa kike. Mmoja ana kilo 2.1 na mwenzake kilo 1.9. Walipotoka hospitali, muuguzi aliwaagiza kwamba watoto walale chumba kimoja na wazazi wao lakini si kitanda kimoja. Mama yake bwana huyo, aliyezaa saba na kuwalaza wote ubavuni pake, hakubaliani na agizo hilo. Asema kumtoa mtoto ubavuni mwa mamake ni mambo ya kigeni yasiyo na huruma, na ataka mmoja alazwe kulia kwa mama na mwingine kushoto. Kijana auliza amfuate nani, na je, akimfuata muuguzi atakuwa amemuasi mzazi wake?

Jawabu langu ni kwamba amfuate muuguzi. Katika jambo la mwili huulizwa mwenye ujuzi wa mwili, na kufanya hivyo si kumuasi mama, maadamu amemweleza kwa adabu na hakumpandishia sauti. Lakini jawabu la namna hii halimlazi mtoto. Mwenye kitanda kimoja na watoto wawili ahitaji kujua sababu, kisha ajue atafanya nini usiku wa leo. Nimewauliza wakunga na wauguzi, nami nitayaeleza kama nilivyoyafahamu.

Tuanze na bibi, kwa kuwa hoja yake ni nzito na yastahili kujibiwa. Yeye alizaa saba, wakalala ubavuni pake na wakakua. Ni kweli, lakini aliwazaa mmoja mmoja, na yamkini wote walitimia miezi yao. Pacha ni jambo lingine. Zaidi ya nusu ya pacha huzaliwa kabla ya kutimia wiki 37, na wengi wao huwa na uzito wa chini ya kilo 2.5. Mtoto wa namna hiyo shingo yake ni dhaifu zaidi, pumzi yake haijapata mwendo ulio sawa, na akifunikwa uso hana nguvu za kujinasua wala za kulia hadi mtu aamke. Wataalamu wamebainisha kwamba hatari ya kulala kitanda kimoja na mtu mzima huwa kubwa zaidi kwa watoto hao waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito mdogo. Kisha tazama hali ya mama: amepasuliwa, huenda amepewa dawa kali ya maumivu iletayo usingizi, naye hunyonyesha vinywa viwili usiku kucha. Usingizi wa mama huyo si usingizi wa yule aliyezaa mmoja akalelewa na dada zake. Akiwekwa katikati ya watoto wawili, kila ageukapo amgeukia mmoja wao.

Na hapa pana jambo la fiqhi ambalo wengi hawalijui. Wanavyuoni wetu, katika mlango wa kuua kwa makosa, wamemtaja mtu aliyelala akamgeukia mwingine akafa. Na mfano wa mama na mtoto wake mchanga umo vitabuni tangu karne nyingi. Hilo laonyesha kwamba msiba huu haukuletwa na vitanda vya kisasa wala si uzushi wa madaktari, bali watu waliujua zamani. Hukumu yake ni kwamba mama huyo hana dhambi, kwa kuwa aliyelala haandikiwi. Lakini ikithibitika kwamba ni yeye aliyemlalia mtoto, inamlazimu kafara, nayo kwa zama zetu ni kufunga miezi miwili mfululizo, na diya kwa warithi isipokuwa wakisamehe. Siku zake za hedhi hazikatishi mfululizo huo. Ama mtoto akikutwa amefariki na haijulikani kwa yakini nini kilichomfika, hakuna kinachomlazimu mama, kwani hukumu haijengwi juu ya dhana. Nalisema hili kwa sababu wapo mabinti waliobeba mzigo huo miaka mingi wakijihukumu wenyewe kwa jambo lisilothibiti. Aliye na shaka na amwendee mwanachuoni wa mtaa wake amweleze yaliyotokea. Na jirani asimtupie jicho, kwa kuwa kuna vifo vya ghafla vinavyomfika mtoto mchanga aliyelazwa vizuri, peke yake, bila ya mtu kumgusa.

Vifo hivyo vya ghafla ndivyo vilivyowafundisha watu mengi. Katika miaka ya 1950 vitabu vya malezi vya Marekani, kikiwemo kile mashuhuri cha daktari Benjamin Spock, viliwashauri wazazi wawalaze watoto kifudifudi ili wasipaliwe na matapishi. Shauri hilo lilienea Ulaya na kwingineko, na watoto wengi wakafa. Watafiti wa Uingereza na New Zealand walipochunguza katika miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 waliona kwamba kulala kifudifudi kulikuwa sababu kubwa. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994. Ndani ya miaka michache vifo hivyo vilipungua kwa kiasi cha nusu na zaidi. Hapakugunduliwa dawa yoyote wala hapakununuliwa mashine; watoto waligeuzwa tu.

Hofu ya kupaliwa ingalipo kwa mabibi zetu, nami nimeisikia kwa masikio yangu mara nyingi: mtoto akilazwa chali atacheua maziwa yamwingie kooni. Maumbile ya mtoto yajibu hofu hiyo. Anapolala chali, njia ya hewa huwa juu na njia ya chakula huwa chini yake. Maziwa yakicheuliwa huvutwa kurudi chini, wala hayapandi kwenye njia ya hewa. Akigeuzwa kifudifudi mambo hupinduka: njia ya chakula huwa juu, na kinachocheuliwa hutiririkia njia ya hewa. Ubavu nao haufai, kwani mtoto hubiringika akawa kifudifudi bila ya mtu kujua. Basi wote wawili walazwe chali, kila usingizi, wa mchana na wa usiku, hata ule wa robo saa. Watakapoweza wenyewe kujigeuza huku na huku, hapana haja ya kukesha ukiwarudisha. Wewe wawalaze chali, wakijigeuza waache.

Tumefika kwenye mahali penyewe. Mahali pa kulala mtoto mchanga pawe pagumu, bapa, patupu. Pagumu, maana ukipabonyeza kwa kiganja pasibonyee na kubaki shimo. Bapa, maana pasiinuke upande wa kichwa. Patupu, yaani hapana mto, hapana blanketi zito, hapana mwanasesere, hapana vile vitakia vya kuzungushia kando ambavyo maduka yetu huviuza pamoja na kitanda kana kwamba ni faradhi. Mtoto akizamisha uso wake kwenye kitu laini huvuta tena na tena ile hewa aliyokwisha kuitoa, na usingizi humzidi nguvu. Najua mabibi zetu wanaupenda ule mto mdogo wa kukifanya kichwa kiwe cha duara. Umbo la kichwa hutengenezwa mchana, kwa kumbeba mtoto, na kwa kumlaza kifudifudi kidogo akiwa macho na mtu akimtazama. Usiku mto utolewe.

Je, pacha wenyewe walazwe pamoja? Hili ndilo swali ambalo hata waliosoma wanalitofautiana. Madaktari wa watoto wa Marekani wasema kila mtoto awe na mahali pake. Waingereza wanaruhusu kitanda kimoja cha mtoto wakiwa bado wadogo sana, kwa masharti: wote chali, kila mmoja na nafasi yake, ama bega kwa bega ama vichwa katikati na miguu ikielekea pande mbili za kitanda, bila ya mto wala takia la kuwatenga baina yao, na mara mmoja aanzapo kujigeuza au kumfikia mwenzake kwa mikono, watenganishwe. Lakini hata hao Waingereza hawakubali wawili walazwe katika kikapu kimoja au susu moja, kwa kuwa nafasi ni ndogo na joto ni kubwa.

Rai yangu ni kuwatenganisha tangu siku ya kwanza. Pwani yetu ina joto, na miili miwili iliyogusana hupashana moto. Na mtoto anayeshikwa na joto kupita kiasi amo hatarini. Watu hunijibu kwamba watoto hawa walikaa pamoja tumboni miezi minane, vipi leo watengwe? Tumboni hapakuwa na yeyote kati yao aliyevuta pumzi kwa pua yake. Mama aliwavutia wote. Leo kila mmoja ana pua yake, na pua hiyo yataka hewa yake. Wala kuwatenga hapa hakuhusiani na ile amri ya kuwatenganisha watoto malaloni wafikapo miaka kumi. Nimeulizwa hilo pia, na hilo ni la adabu na umri mwingine kabisa.

Sasa turudi kwenye chumba kimoja cha kijana wetu. Mwenye uwezo na amwendee seremala amtengenezee vitanda viwili vidogo vya fito, na amweleze mambo mawili. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipenye kichwa kikabaki. Na godoro likikaa ndani ya kitanda lijae barabara. Ukiweza kupitisha zaidi ya vidole viwili baina ya godoro na fito, basi godoro hilo ni dogo na mtoto atanaswa ubavuni. Shuka iwe moja, nyembamba, iliyovutwa na kuchomekwa. Godoro lililorithiwa kwa binamu, lililolegea katikati, lisipokewe hata likiwa la bure.

Asiye na uwezo wa vitanda hakukosa njia. Palipo na sakafu kavu iliyofagiwa, tandika mkeka, na juu yake magodoro mawili madogo magumu, moja moja kwa kila mtoto, kando ya kitanda cha mama na mbali na ukuta. Nasema mbali na ukuta kwa sababu ile nafasi nyembamba baina ya godoro na ukuta ni mtego, na kitanda cha wazazi kilichosukumwa ukutani ni mtego uleule. Kwa mama aliyepasuliwa, kuinama hadi sakafuni wiki za kwanza ni mateso. Hapo ndipo baba au bibi anapotakiwa kumnyanyua mtoto na kumpa.

Wafini waliliona tatizo la nyumba ndogo mapema. Tangu mwaka 1938 serikali yao iliwapa akina mama wenye kipato kidogo sanduku la karatasi gumu lenye nguo za mtoto na godoro dogo, na tangu mwaka 1949 likawa la akina mama wote. Watoto wengi wa nchi hiyo wamelala ndani ya sanduku hilo miezi yao ya mwanzo. Na Wamaori wa New Zealand, ambao desturi yao kama yetu ni mama kulala na mtoto, hawakuiacha mila yao. Walisuka kikapu bapa cha majani kiitwacho wahakura, mtoto akalazwa ndani yake, kikawekwa karibu na mama, naye akawa na mahali pake pasipofikiwa na mwili wa mtu mzima. Nilipoisoma habari hiyo niliwafikiria mafundi wetu wa ukili. Mikono inayosuka mikeka ya miyaa, makawa na makapu haishindwi kusuka kikapu cha kitako bapa, cha ukingo mfupi usiolala ndani, urefu wake mikono miwili na zaidi kidogo, ili mtoto asibanwe. Pacha ni vikapu viwili. Kikapu kiwekwe mahali pagumu palipo sawa, wala si juu ya godoro linalobonyea, na kisiwekwe mezani.

Lipo na jambo la leso. Katika nyumba nyingi leso hufungwa kwenye miguu ya kitanda au kwenye boriti, mtoto akatiwa ndani na kubembezwa. Kumtuliza humo akiwa macho, na mkono wa mtu upo kwenye leso, si neno. Kumwacha alale humo ndiyo hatari: mgongo hujipinda, kidevu hushuka kifuani, na njia ya hewa ya mtoto mdogo hujikunja kama mpira wa maji uliokanyagwa. Pacha wawili katika leso moja ni kosa lisilo na udhuru.

Ugonjwa wa malaria haujatuacha, basi chandarua ni lazima. Wanawake wajawazito hupewa chandarua chenye dawa kliniki. Kile cha mama kitandani hakitoshi kuwafunika watoto walio sakafuni, hivyo kitafutwe cha pili. Kifungwe kikiwa kimevutwa na kuchomekwa chini ya godoro au mkeka pande zote, kisilegee kikamwangukia mtoto usoni. Kikichomekwa vizuri pia huzuia siafu na panya, ambao ni hofu ya kweli kwa alalaye chini.

Juu ya joto nitasema kidogo zaidi, kwa kuwa hapa mapenzi yetu ndiyo yanayodhuru. Msimu wa kaskazi, mama na bibi wanatokwa na jasho wakijipepea kwa kipepeo, na mtoto kavishwa kofia ya sufi, soksi, fulana mbili, kisha kaviringwa leso na juu yake blanketi. Mguse mtoto kisogoni au kifuani. Pakiwa pa moto au pana jasho, mpunguzie nguo. Mikono na miguu yake isikudanganye, kwani huwa ya baridi hata akiwa na joto la kutosha. Vitoto vidogo vilivyozaliwa kabla ya wakati huhitaji kupashwa joto zaidi wiki za mwanzo, na muuguzi atakueleza lini kofia iondolewe. Lakini njia iliyo bora ya kuvipasha joto ni kifua cha mtu.

Na hapo ndipo nilipomtaka bibi. Mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Kolombia, daktari Edgar Rey aliona hospitali yake haina mashine za kutosha za kuwapasha joto watoto wadogo, akawaambia mama zao wawabebe vifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Watoto wakaishi. Leo Shirika la Afya Duniani lasisitiza njia hiyo kwa watoto wote waliozaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, na haikuwekewa mama peke yake: baba aweza, na bibi aweza. Kwa pacha jambo hili ni neema, kwa kuwa vifua vinahitajika viwili. Basi bibi aliyeona kwamba amepokonywa wajukuu, na apewe mmoja. Akae ameegemea, yu macho, mtoto amevuliwa isipokuwa nepi na kofia, amelazwa wima kifuani pake, uso umegeuzwa upande na pua i wazi, amefungwa leso imara. Mama naye alale saa mbili tatu za haki. Bibi akianza kusinzia amwite mwingine ampokee mtoto. Sidhani kama yuko bibi atakayesema hayo ni mambo ya wageni yasiyo na huruma.

Moshi ni adui mwingine. Udi na ubani ni katika mapambo ya nyumba zetu, nami siukatazi. Lakini chetezo kisiingie chumba walichomo watoto wa kilo mbili. Wafukize nguo na chumba mapema, watoto wakiwa kwingine, kisha fungua madirisha hadi harufu ibaki na moshi uondoke. Dawa ya mbu ya kuwasha nayo ina moshi. Ama jiko la mkaa kuwekwa chumbani usiku na mlango kufungwa, eti mzazi apate joto la arubaini, hilo ni kifo chenyewe: mkaa hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Baba avutaye sigara, ikiwa hawezi kuiacha, basi asivutie ndani, abadilishe kanzu na kunawa kabla ya kumshika mtoto, na kamwe asilale pamoja na watoto. Sigara ya mzazi huongeza hatari ya kifo cha ghafla, kabla ya kuzaliwa na baada yake.

Kunyonyesha humlinda mtoto na vifo hivi, basi mama asaidiwe adumu nako. Tatizo ni saa nane ya usiku. Wako wanaowanyonyesha wote wawili kwa pamoja, kila mmoja chini ya kwapa, miguu ikielekea nyuma, mito ikiwa imewategemeza. Na wako wanaomnyonyesha mmoja kisha wa pili. Iwayo yote, mama asinyonyeshe peke yake kwenye kochi. Kochi na kiti cha mkono ni hatari kuliko kitanda, kwa sababu mama akipitiwa na usingizi mtoto huteleza akabanwa baina ya mwili na mto wa kiti. Akihisi usingizi unamvuta, ni afadhali awe kitandani, mito na shuka nzito zimeondolewa. Na aamkapo tu, mtoto arudishwe mahali pake.

Enyi akina baba, hapa siwaombi, nawaagiza. Mwenye pacha hulala kwa zamu. Mtoto akilia, baba ainuke, ambadilishe nepi, amkabidhi kwa mama, akae hapo macho hadi anyonye, amcheulishe, amrudishe chali mahali pake, amchukue wa pili. Mtume (S.A.W.) alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na sijui ni kitabu gani kilichotufundisha kwamba kazi hizo zakoma baada ya isha. Na ndugu zao wakubwa, hata wawe na mapenzi namna gani, wasilale pamoja na wachanga. Mtoto wa miaka minne hulala kama jiwe na hurusha miguu kama punda. Msaidizi wa nyumbani naye aelezwe yote haya siku anapoingia, kwa upole, na aonyeshwe kwa vitendo.

Limebaki la gharama. Pacha wana akika mbili, haitoshi moja kwa wote: mvulana mbuzi wawili kwa mwenye uwezo, msichana mbuzi mmoja. Kijana wetu mwenye mabinti wawili amekwisha kukopa fedha za mbuzi wawili na mchele wa pilau, ilhali watoto wanalala juu ya godoro lililobonyea. Akika ni suna, na asiyeweza siku ya saba aweza kuichelewesha hadi Mwenyezi Mungu amfungulie. Magodoro mawili magumu na chandarua hayangoji. Na mjomba au shangazi anayeuliza alete zawadi gani, asilete blanketi la nne. Alete godoro, kwa vipimo atakavyoandikiwa.

Dada mmoja aliniuliza pia juu ya safari, kwa kuwa arubaini ikisha atataka kwenda kwao Lamu. Kwenye basi wabebwe vifuani, mmoja kwa mama na mmoja kwa mwenzake, kila mmoja uso ukionekana na kidevu kisigandame kifuani; ukimfunika kwa leso usimfunike uso. Kwenye gari la mtu binafsi, kiti cha mtoto ni cha safari tu: gari likisimama atolewe alazwe mahali bapa, hata kama amelala na waona huruma kumwamsha. Na kule aendako apige simu mapema, magodoro mawili yatandikwe kabla hajafika, kwani nyumba ya ugenini ndipo watu husema, leo tu, tuwalaze na bibi.

Wabillahi tawfiq.